Haidrojeli shupavu na telezi badala ya gegedu la maungio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi ya vifaa, mafundi wa maabara na wagonjwa ambao wamesikia habari za "gegedu la maabara" na wanataka kujua zimefikia wapi. Anayetaka upande wa tiba tu anaweza kuruka maswali ya mapishi ya jeli.

Haidrojeli ni kitu gani?

Ni wavu wa minyororo mirefu ya polima ulioshika maji ndani yake, nao wenyewe hauyeyuki katika maji hayo. Inayojulikana zaidi ni lenzi laini ya macho, iliyotokana na kazi ya Otto Wichterle na Drahoslav Lím waliochapisha habari za jeli ya poli-HEMA mwaka 1960. Jeli ya namna hiyo inatosha jichoni kwa kuwa kope haibebi mwili. Gotini na nyongani mambo ni mengine.

Kwa nini gegedu lililoharibika lisiachwe lijiponye?

Kwa sababu halijiponyi, au hujiponya vibaya. Gegedu la maungio, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya damu wala ya fahamu, na chembe hai zake ni chache na zimefungiwa mbalimbali ndani ya utando wa kolajeni. Shimo likifika hadi kwenye mfupa, damu na chembe za uboho hupanda na kulijaza, lakini kinachoota mara nyingi ni gegedu la nyuzi, ambalo ni laini kuliko la asili na huchakaa mapema. Ndiyo maana mbinu ya kutoboa vitundu kwenye mfupa chini ya jeraha husaidia kwa muda, kisha nafuu hupungua.

Gegedu lina nini cha ajabu hata liwe gumu kuigwa?

Ukilipima, karibu asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake ni maji. Kinachobaki ni hasa nyuzi za kolajeni ya aina ya II, zinazobeba mvuto, na proteoglikani, ambazo zina chaji hasi nyingi na hivyo huvuta maji na kulitunisha gegedu dhidi ya nyuzi hizo. Unene wake ni milimita chache tu. Gotini mara nyingi ni kati ya 2 na 4.

Usilifikirie kama dodoki lililolowa. Dodoki likibanwa humwaga maji papo hapo, ilhali matundu ya gegedu ni madogo mno kiasi kwamba maji hayapati njia ya kutoka haraka. Mguu unapokanyaga, shinikizo la maji yaliyonaswa ndani ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo, zaidi ya asilimia 90 katika nyakati za mwanzo, na wavu wa yabisi hubeba kidogo sana. Maelezo ya kihisabati ya jambo hili yalitolewa mwaka 1980 na Van C. Mow na wenzake, katika nadharia inayolitazama gegedu kama yabisi na kimiminika vinavyofanya kazi pamoja. Mtu akisimama palepale kwa muda mrefu, maji huhama taratibu, gegedu hubonyea na msuguano hupanda. Akitembea, mgusano huhamahama na maji hurudi.

Kwa hiyo kuiga gegedu ni kuiga mambo matano kwa pamoja: ukinzani wa mbano unaokaribia megapaskali 1 (kipimo cha shinikizo) pale jeli inapobonyea taratibu, nguvu ya mvuto ya makumi ya megapaskali, upenyezaji mdogo sana wa maji, kigezo cha msuguano kati ya 0.001 na 0.02 hivi, na uwezo wa kurudia haya yote mara mamilioni. Jeli zinazotimiza mawili au matatu ni nyingi. Zinazotimiza yote zinahesabika.

Kwa nini jeli ya kawaida hupasuka kirahisi hivyo?

Kwa sababu haina pa kumwaga nishati. Ufa ukianza, mkazo wote hujikusanya kwenye ncha yake, minyororo michache iliyopo hapo hukatika, na ufa husonga mbele kwenye minyororo inayofuata. Jeli ya kawaida hupasuka kwa nishati ya takriban jouli 1 hadi 10 kwa kila mita mraba ya ufa. Gegedu huhitaji takriban 1,000. Kuongeza viunganishi vya kemikali si dawa, kwani jeli huwa ngumu zaidi lakini pia huvunjika upesi zaidi. Hapa ndipo wanaoanza hupoteza muda wao mwingi.

Jeli ya nyavu mbili hufanyaje kazi, na hutengenezwaje?

Wazo hili lilitoka kwa Jian Ping Gong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, mwaka 2003. Wavu wa kwanza umefungwa kwa kukazwa sana na minyororo yake imenyooshwa karibu na mwisho. Wa pili umefungwa kwa ulegevu sana na ni mwingi zaidi. Jeli ikivutwa, wavu wa kwanza hukatika vipande vipande katika eneo pana kuzunguka ncha ya ufa na kumeza nishati, huku wa pili ukishikilia umbo lisiachane. Jeli yao yenye maji kama asilimia 90 ilistahimili mbano wa megapaskali 17.2 kabla ya kuvunjika, ilhali wavu wa kwanza peke yake ulivunjika kwenye 0.4.

Kipimo cha kuanzia kwa mililita 100 za wavu wa kwanza ni hiki: gramu 20.7 za AMPS, monoma (molekuli ndogo inayojenga polima) yenye chaji hasi (mola 1 kwa lita), gramu 0.62 za kiunganishi cha methileni-bisi-akrilamidi (asilimia 4 kwa mola), na miligramu 15 hivi za asidi ya 2-oksoglutariki kama kianzishi cha mwanga. Pitisha naitrojeni kwenye mchanganyiko kwa nusu saa au zaidi, umimine kati ya vioo viwili vilivyotenganishwa na fremu ya silikoni ya milimita 1 au 2, kisha uweke chini ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365 kwa saa 8 hadi 10. Karatasi ya jeli itakayotoka itumbukizwe siku mbili katika akrilamidi ya mola 2 kwa lita (gramu 142 kwa lita) yenye kiunganishi cha asilimia 0.1 kwa mola au pungufu, na kianzishi kilekile. Rudia mwanga. Mwisho loweka kwenye maji safi kwa wiki nzima, ukibadilisha maji kila siku.

Makosa yanayojirudia:

Uso wa jeli unanata au una ute. Oksijeni iliingia. Pitisha naitrojeni upya na uzibe kingo za kalibu.

Karatasi imevunjika wakati wa kulowekwa. Wavu wa kwanza huvimba sana na ni mwororo kama yai, kwa hiyo usiushike kwa koleo. Uteleze kutoka kwenye kioo juu ya karatasi ya plastiki, na tumia chombo kipana kuliko unavyodhani kinahitajika.

Jeli ya mwisho ni ngumu lakini dhaifu. Mara nyingi wavu wa pili haukuingia wa kutosha, au ulitiwa kiunganishi kingi. Kwa hesabu ya mola, monoma za wavu wa pili zinatakiwa kuwa takriban mara 20 hadi 30 ya zile za kwanza.

Na tahadhari ambayo haina mjadala: akrilamidi kabla haijawa polima ni sumu ya mishipa ya fahamu na inahesabiwa kuwa huenda inasababisha saratani. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, vaa glavu, na maji ya kulowekea yachukuliwe kama taka ya kemikali hadi yapimwe.

Kuna jeli shupavu isiyohitaji akrilamidi?

Ipo, nayo ndiyo tunayomshauri mtu aanze nayo: polivinili alikoholi, yaani PVA, iliyogandishwa na kuyeyushwa kwa zamu. Haina kiunganishi cha kemikali hata kidogo. Kinachoifunga ni fuwele ndogondogo ambazo minyororo hutengeneza inapokaribiana.

Chukua PVA iliyohidrolizwa asilimia 99 au zaidi, yenye uzito wa molekuli wa takriban 90,000 hadi 150,000. Ile ya asilimia 87 hadi 89, ambayo huyeyuka kirahisi na ndiyo huuzwa sana kwa ajili ya gundi, haitoi fuwele za kutosha, na ni chanzo cha kwanza cha "jeli yangu haigandi". Pima gramu 15 za unga na gramu 85 za maji. Nyunyiza unga kwenye maji baridi huku ukikoroga, kisha pandisha joto hadi nyuzi 90–95 za Selsiasi. Ukimwaga unga kwenye maji ya moto utapata madonge yenye ganda nje na unga mkavu ndani, na madonge hayo hayaishi hata ukikoroga mchana kutwa. Funika chombo, koroga saa mbili hadi nne mpaka mchanganyiko uwe angavu, kisha upime uzito na urudishie maji yaliyopotea. Acha utulie ukiwa wa moto hadi viputo vitoke. Kiputo kimoja cha milimita 1 kinatosha kuwa mwanzo wa ufa.

Mimina kwenye kalibu, gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 16 hadi 20, kisha acha iyeyuke kwenye joto la chumba saa 4 hadi 8. Hiyo ni zamu moja. Zamu tatu hadi sita zinatosha. Baada ya hapo faida hupungua. Kuyeyusha kuna umuhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwani fuwele nyingi hukua wakati huo: ukiiharakisha kwa maji ya moto unapata jeli laini, na ukiichelewesha unapata ngumu zaidi. Maabara mbili zenye mapishi yaleyale hupata matokeo tofauti, na mara nyingi tofauti ni friza tu.

Kugandisha, kutia chumvi na kupasha: tofauti yake nini?

Zote tatu ni njia za kuzidisha fuwele katika PVA. Kugandisha hukusanya minyororo kati ya vipande vya barafu. Chumvi kama sitrati ya sodiamu au salfeti hunyang'anya minyororo maji yake na kuilazimisha ishikane. Ayodidi na thayosayaneti hufanya kinyume, kwa hiyo usichague chumvi kwa kubahatisha. Mwaka 2021 kundi moja la watafiti liligandisha PVA kwa mwelekeo mmoja, kisha likaitia chumvi, na kupata jeli yenye nguvu ya mvuto hadi megapaskali 23.5.

Kupasha ndiko tunakokuona kuwa na mustakabali zaidi kwa maungio. Jeli hukaushwa, hupashwa kwenye nyuzi 90 au 100, kisha hurudishiwa maji. Fuwele hunenepa na kuongezeka, na haziyeyuki kwa joto la mwili. Hasara yake ni kwamba jeli hunywea na kubadilika umbo inapokauka, hivyo kipimo cha kalibu lazima kifidie. Jeli iliyopashwa pia haina maji mengi kama ile ya kugandishwa tu. Hilo si kosa, kwani hata gegedu halina asilimia 90 ya maji.

Selulosi ya bakteria inaingiaje hapa?

Inachukua nafasi ya kolajeni. Bakteria wa jamii ya Komagataeibacter husuka utando wa nyuzi nyembamba mno zenye nguvu kubwa ya mvuto, na PVA ikipenyezwa kati yake inachukua kazi ya kushika maji na kubeba mbano. Kundi la Benjamin Wiley katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilitangaza mwaka 2022 jeli ya aina hii iliyopashwa, yenye nguvu ya megapaskali 51 kwa mvuto na 98 kwa mbano, zote zikizidi za gegedu.

Angalizo la maabara: bakteria hawa huacha endotoksini, yaani mabaki ya kuta zao yanayochochea uvimbe. Utando usafishwe kwa hidroksidi ya sodiamu ya moto kisha usuuzwe hadi maji yawe na pH ya kawaida, na endotoksini ipimwe kabla ya jaribio lolote la chembe hai. Majaribio mengi yaliyodai kwamba "selulosi inaleta uvimbe" yanastahili kuulizwa swali hilo kwanza.

Utelezi unatoka wapi?

Kutoka sehemu tatu, na ni vyema usizichanganye. Ya kwanza ni maji yenye shinikizo tuliyoyataja: mzigo ukibebwa na maji, yabisi kwa yabisi haisuguani sana. Ya pili ni chaji. Jeli yenye chaji hasi ikipita juu ya uso wenye chaji hasi husukumana nao na tabaka la maji hubaki katikati. Ikipita juu ya uso wenye chaji chanya hunata, na msuguano hupanda sana. Ya tatu ni molekuli zilizojipanga usoni. Katika kiungo hai kazi hiyo hufanywa na lubrisini, asidi ya hayaluroniki na fosfolipidi kwa ushirikiano.

Hii ya tatu imeigwa vizuri. Mwaka 2020 kundi la Jacob Klein wa Taasisi ya Weizmann lilichanganya kiasi kidogo cha vifuko vya lipidi ndani ya haidrojeli na kupunguza msuguano na uchakavu kwa asilimia 80 hadi 99.3 kulinganisha na jeli ileile isiyo na lipidi. Uzuri wake ni kwamba uso ukilika, lipidi zilizo chini hujitokeza na kuchukua nafasi. Kilainishi kinachopakwa juu tu huisha.

Kwa hiyo jeli inayoteleza zaidi ndiyo inayodumu zaidi?

Hapana, na historia ya upasuaji wa nyonga imeshalionyesha hilo kwa gharama kubwa. Daktari mpasuaji John Charnley alitumia Teflon kama kikombe cha nyonga kwa sababu ilikuwa telezi kuliko plastiki zote. Ililika ndani ya miaka michache na chembechembe zake zikachochea uvimbe mkali, ikabidi vitolewe. Mwaka 1962 alihamia polithini ya uzito mkubwa wa molekuli, isiyoteleza sana kama Teflon lakini inayostahimili kulika, na polithini hiyo ingali inatumika.

Utelezi hupunguza mkwaruzo. Hauzuii jeli kupasuka chini ya uso, kubonyea, wala kuchomoka mfupani.

Nikisoma makala ya kisayansi, niangalie namba ipi kwanza?

Angalia uchovu, yaani jeli inavyofanya ikipakiwa mzigo mara nyingi. Nguvu ya kuvunjika kwa mara moja ndiyo huwekwa kwenye kichwa cha habari, na ndiyo ina maana ndogo zaidi. Jeli ya alijineti na poliakrilamidi iliyotangazwa mwaka 2012 ilihitaji karibu jouli 9,000 kwa mita mraba ili ipasuke kwa mvuto mmoja, lakini chini ya mizigo inayorudiwa ufa wake husonga kwa makumi machache ya jouli tu. Vifungo vilivyojitoa mhanga mara ya kwanza havipo mara ya pili. Fuwele za PVA hufanya vizuri zaidi hapa, kwa sababu ufa ukikuta fuwele lazima uing'oe minyororo mingi kwa pamoja; mwaka 2019 watafiti wa chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, walionyesha kizingiti cha uchovu cha takriban jouli 1,000 kwa PVA iliyokaushwa na kupashwa.

Halafu linganisha idadi ya mizunguko na hatua za mtu. Mtu wa kawaida hukanyaga kwa kila mguu mara milioni moja au zaidi kwa mwaka. Jaribio la mizunguko 100,000, ambalo makala nyingi hulitaja kwa fahari, ni kama mwezi mmoja wa kutembea. Viungo bandia vya nyonga na goti hujaribiwa kwa mizunguko milioni 5 kwa kufuata viwango vya kimataifa vya ISO 14242 na 14243.

Jihadhari pia na "nguvu ya mbano". Jeli laini inayobanwa hadi ibaki unene wa asilimia 10 hutoa namba kubwa inayopendeza, ilhali hakuna kiungo kinachobonyea hivyo. Uliza ukinzani wake ni kiasi gani inapobonyea asilimia 10 au 20.

Makosa gani hufanyika zaidi wakati wa kupima?

La kwanza ni kupima kwenye maji safi. Jeli zenye chaji huvimba sana kwenye maji safi na hunywea kwenye maji ya chumvi ya kiwango cha mwili, kwa hiyo namba mbili ni za jeli mbili tofauti. Pima kwenye bafa ya fosfeti yenye chumvi, nyuzi 37. Alijineti ndiyo huumbuka zaidi: sodiamu huondoa kalsiamu iliyoifunga na fosfeti huinasa, na baada ya siku kadhaa jeli iliyokuwa shupavu inabaki legevu.

La pili ni kukauka. Kipande cha milimita 1 kwenye mashine ya kuvuta hupoteza maji ya kutosha kubadili matokeo ndani ya dakika chache. Kizungushie bafu la maji au ukungu. La tatu ni kuteleza kwenye vibano, kwani jeli telezi haitaki kushikwa. Bandika karatasi ya msasa kwa gundi ya sayanoakrileti kwenye ncha, na ukate kipande kwa umbo la mfupa wa mbwa ili kivunjike katikati.

Kwa msuguano, kutoa kigezo bila kutaja shinikizo, mwendo, kimiminika na uso wa upande wa pili ni kutotoa kitu. Kigezo cha 0.005 dhidi ya kioo kwa shinikizo la megapaskali 0.1 hakisemi lolote kuhusu nyonga, ambamo megapaskali 5 hadi 10 ni kawaida. Uso wa upande wa pili unaofaa ni gegedu, maana kipandikizi cha jeli kitasuguana na gegedu la mgonjwa, na pande zote mbili zikaguliwe uchakavu. Jeli isiyolika huku ikimla jirani yake haijafaulu.

Jeli inashikaje kwenye mfupa?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na kwa maoni yetu limechelewesha fani hii kuliko nguvu au utelezi. Kitu chenye maji mengi na chaji usoni hakigandi kwenye mfupa, na chembe hai za mfupa hazipendi kukaa juu yake. Gundi ya kawaida hushika tabaka la maji, si jeli.

Njia ya kwanza ni kubana tu: toboa shimo dogo kidogo kuliko kizibo cha jeli na ukisukume ndani. Ni rahisi kwa mpasuaji, lakini hakuna kinachokua kukishika. Mfupa unaokizunguka ukilegea au ukilika, kizibo huzama au hutoka. Njia ya pili ni kuunganisha kwa kemikali, kwa mfano kupaka silani (kemikali ya kuunganishia) kwenye titani au kauri kisha kuacha minyororo ya jeli ijifunge hapo. Maabara zimepata mshiko wa zaidi ya jouli 1,000 kwa mita mraba, ila tatizo ni uimara wa vifungo hivyo vikikaa kwenye maji ya chumvi kwa miaka. Ya tatu ni kuacha jeli ipenye kwenye matundu ya msingi wa chuma au kauri kabla ya kuganda, ili mfupa uote kutoka chini na jeli ishike kutoka juu. Ya nne ni mchanganyiko wa gundi na kibano: kundi la Duke lilifunga jeli yake juu ya msingi wa titani kwa namna hiyo na kupata nguvu ya mkato ya takriban megapaskali 2.

Mahali pa kuchunguza ni ukingo. Jeli laini ikikutana na titani ngumu, mkazo hujikusanya kwenye mduara wa nje, na ufa huanzia hapo karibu kila mara. Kuvuta kwa wima hakuonyeshi udhaifu huo. Jaribu kwa mkato, kwa mizunguko, ndani ya maji.

Kipandikizi cha jeli cha kidole gumba cha mguu kilipatwa na nini?

Cartiva ilikuwa kizibo cha PVA chenye umbo la silinda, cha milimita 8 au 10 kwa kipenyo, kilichobanwa kwenye kichwa cha mfupa wa kidole gumba kilichokakamaa kwa kulika gegedu. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliiidhinisha mwaka 2016 baada ya jaribio lililolinganisha watu 152 waliowekewa kizibo na 50 waliounganishwa mifupa ya kiungo hicho ikawa mmoja. Katika miaka miwili ya jaribio hilo, asilimia 9.2 ya waliowekewa kizibo walirudi kuunganishwa mifupa. Oktoba 2024 kipandikizi kiliondolewa sokoni kwa sababu kiwango cha kurudiwa upasuaji na kutolewa kilikuwa kikubwa kuliko ilivyotarajiwa.

Lililojitokeza sana katika ripoti za wapasuaji ni kuzama: kizibo kushuka ndani ya mfupa na mfupa kuzidi kulika pembeni yake. Yaani tatizo la jibu lililotangulia. Mwenye nacho asiye na maumivu hahitaji kukimbilia kukitoa. Mwenye maumivu mapya, uvimbe au kidole kinachozidi kukakamaa apigwe picha na amwone daktari wa mifupa.

Goti langu limelika lote. Jeli itanifaa?

Kwa sasa, hapana. Vipandikizi hivi vimelengwa kwa shimo lenye mipaka, lililozungukwa na gegedu zima linalokinga kingo zake. Pale gegedu lilipoisha pande zote mbili, meniskasi (mto wa gegedu kati ya mifupa ya goti) imechanika na mguu umepinda, kizibo kitabeba mzigo peke yake na kitashindwa. Tiba zilizopo kwa goti la namna hiyo ni mazoezi ya misuli, kupunguza uzito, dawa za maumivu, kunyoosha mfupa kwa baadhi ya watu, na goti bandia la chuma na polithini.

Je, hizi ni sawa na sindano za jeli gotini?

Si sawa. Asidi ya hayaluroniki ni kimiminika kizito kinachoongezwa kwenye ute wa kiungo, nacho huondoka. Jeli ya poliakrilamidi ya asilimia 2.5 hudungwa na kukaa kwenye utando wa ndani wa kiungo. Hakuna kati ya hizo inayojaza shimo la gegedu wala kubeba uzito.

Kipandikizi huuliwaje vijidudu bila kukiharibu?

PVA iliyogandishwa tu usiitie kwenye otoklevu, yaani chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa moto: nyuzi 121 huyeyusha fuwele, na utakuta uji ndani ya mfuko. Mionzi ya gama au elektroni hutumika sana, lakini ndani ya maji huzalisha chembe huru ambazo zinaweza kuongeza viunganishi au kukata minyororo, kutegemea polima na dozi, kwa hiyo sifa zote zipimwe upya baada ya mionzi. Oksidi ya ethileni inafaa kwa jeli kavu. Ikikuta maji hugeuka glikoli na mabaki yake hukwama ndani. Makala inayoripoti nguvu za jeli ambayo haijauliwa vijidudu inaripoti jeli ambayo mgonjwa hatawekewa.

Vipande vikilika na kubaki ndani ya kiungo, kuna hatari?

PVA na poliakrilamidi zilizokwisha kuoshwa vizuri huvumiliwa na mwili zikiwa kipande kizima. Chembechembe ni habari nyingine, kwani seli za kinga huzimeza na zikishindwa kuzimeng'enya hutoa ishara za uvimbe zinazolika mfupa. Ukubwa na wingi wa chembechembe una uzito sawa na kemia yake, na jaribio la uchakavu lisilochuja kimiminika na kuzihesabu halijakamilika. Tathmini ya usalama kwa jumla hufuata mfululizo wa ISO 10993.

Kuna jeli inayofanya gegedu halisi liote tena?

Kuna dalili kwa wanyama. Mwaka 2009 Kazunori Yasuda, Gong na wenzao waliripoti kwamba kizibo cha nyavu mbili kilichowekwa chini ya shimo la gegedu la sungura, huku nafasi ya milimita chache ikiachwa wazi juu yake, kilifuatiwa na kuota kwa gegedu angavu kwenye nafasi hiyo ndani ya wiki 4. Sungura huponya gegedu vizuri kuliko binadamu, na gegedu lao ni jembamba sana. Kondoo na mbuzi wanakaribiana na goti la mtu kuliko sungura kwa unene na uzito.

Naweza kuichapa kwa printa ya pande tatu?

Umbo, ndiyo. Ushupavu hautoki kwenye printa bali kwenye hatua zinazofuata za chumvi, kukausha na kupasha, na hatua hizo hubadilisha vipimo. Chapa kubwa kuliko unavyotaka, pima kunywea kwa vipande vya majaribio vya unene uleule, ndipo urekebishe faili. Mistari kati ya tabaka ndiyo sehemu dhaifu. Ielekeze isambae sambamba na uso unaobeba mzigo, si wima kuelekea mfupani.

Sampuli zihifadhiweje?

Kwenye maji ya chumvi ya kiwango cha mwili yenye azidi ya sodiamu ya asilimia 0.02 kuzuia ukungu, ndani ya jokofu, si friza. PVA iliyosahauliwa kwenye friza imeongezewa zamu moja ya kugandishwa, na haiwezi tena kulinganishwa na wenzake. Azidi ni sumu, hivyo sampuli za kuwekewa chembe hai zihifadhiwe bila azidi, zikiwa zimeuliwa vijidudu na kufungwa.